Likizo ya Mama Mkulima

UKURASA WA AFYA

Somo letu la leo ni mapumziko ya mama aliyejifungua. Tutajifunza jinsi ya kupanga kazi kabla ya mapumziko hayo, na jinsi ya kuzirudia kazi baadaye bila kujiumiza. Somo hili si la akina mama peke yao. Baba mwenye nyumba, mama mkwe na vijana, nanyi pia someni.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalifahamu. Mama aliyeajiriwa katika shamba la maua kule Usa River akijifungua, sheria inampa likizo. Kazi yake hufanywa na mtu mwingine, naye hukaa nyumbani na mtoto. Lakini mama mwenye kihamba chake hapa mteremkoni mwa mlima Meru, likizo atampa nani? Ng'ombe hajui kwamba mama amejifungua. Mtoni hakuna msimamizi wa kusema, "Leo usichote maji." Mvua za masika zikianza, mahindi yanataka kupandwa.

Likizo ya mama mkulima inatoka nyumbani kwake. Isipopangwa mapema, haipatikani.

KWA NINI MAMA APUMZIKE?

Mara baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi una uzito wa karibu kilo 1. Hurudi kidogo kidogo mpaka ukawa chini ya gramu 100. Kazi hiyo huchukua muda wa wiki 6 hivi. Mahali kondo la nyuma lilipokuwa limeshika, pamebaki jeraha ndani ya mfuko. Jeraha hilo halionekani kwa macho, lakini lipo, na linahitaji muda wa kupona.

Tena, misuli inayoshikilia mfuko wa uzazi na kibofu cha mkojo imevutika na kulegea. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mkungu mkubwa wa ndizi unaweza kuzidi hapo. Mama akibeba mizigo ya namna hiyo mapema mno, misuli inazidi kulegea. Baadaye mkojo unaweza kumtoka akikohoa, au kizazi kikashuka. Wapo mama zetu wanaobeba tabu hiyo kwa miaka mingi kimya kimya, kwa sababu wanaona haya kuisema.

Kuna na maziwa. Mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji. Mama anayeshinda shambani mbali na mtoto hawezi kumnyonyesha mara kwa mara. Matiti yasiponyonywa, maziwa hupungua. Kisha mtoto hupewa uji mapema, na kuharisha kunaingia.

JE, BIBI ZETU HAWAKUPUMZIKA?

Watu wengine husema, "Mapumziko ni mambo ya mjini. Bibi zetu walikuwa na nguvu." Ndugu wasomaji, waulizeni wazee wetu. Kumtunza mzazi si mila ngeni huku kwetu. Mzazi alipikiwa mtori, akaletewa maziwa na loshoro, na wanawake wa ukoo wakamfanyia kazi. Mila ilijua jambo hili kabla ya zahanati kujengwa.

Kilichobadilika ni idadi ya mikono nyumbani. Siku hizi watoto wako shuleni, na hiyo ni heri. Wifi amepata kazi Arusha mjini. Baba naye huenda anatafuta kibarua. Kwa hiyo mapumziko ambayo zamani yalikuja yenyewe, leo ni lazima tuyapange.

Hata nchi nyingine ziliona haja hiyo zamani. Mwaka 1919 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Washington, Marekani, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani. Walikubaliana kwamba mama aliyeajiriwa asifanye kazi kwa wiki 6 baada ya kujifungua. Mwili wa mama mwenye jembe ni ule ule. Nao unazihitaji wiki hizo 6.

KABLA YA KUJIFUNGUA: GAWENI KAZI

Kliniki watakuambia tarehe ya matazamio, yaani siku unayotazamiwa kujifungua. Itazameni tarehe hiyo kwenye kadi, baba na mama pamoja. Je, itaangukia wakati wa kupanda? Wakati wa palizi? Wakati wa kuchuma kahawa? Miezi miwili kabla ya tarehe hiyo, kaeni chini na karatasi na kalamu. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi.

Kwanza, andikeni kazi zote ambazo mama hufanya kwa siku na kwa wiki. Msiache hata moja. Kuchota maji. Kutafuta kuni. Kukata majani ya ng'ombe. Kukamua. Kusafisha zizi. Kupika. Kufua. Kupalilia. Kupeleka ndizi soko la Tengeru. Mara nyingi baba huona orodha hiyo na kushangaa urefu wake.

Pili, zigaweni kazi hizo katika mafungu matatu.

Fungu la 1: Kazi za kufanywa mapema. Kuni za wiki 6 zinaweza kukatwa na kupangwa pakavu kabla ya siku. Mahindi yanaweza kusagwa kiasi. Fedha za gari la kwenda hospitali ziwekwe pembeni, na zisiguswe. Nguo za mtoto na kanga za mama zifuliwe na kufungwa pamoja na kadi ya kliniki. Kazi nzito za fungu hili zifanywe na wenye nguvu. Mama mjamzito asipasue kuni za wiki 6 ili apate kupumzika baadaye!

Fungu la 2: Kazi za kupewa mtu. Maji, majani na kukamua havingoji. Kila kazi iandikiwe jina la mtu mmoja. Msiandike "tutasaidiana." Kazi isiyo na jina la mtu itamrudia mama. Hutokea hivi: kila mmoja anadhani mwenzake ameshakata majani. Jioni ng'ombe analia njaa zizini. Mama aliye siku ya 10 anachukua mundu na kushuka bondeni. Anarudi na mzigo kichwani, na usiku damu inaanza kutoka upya.

Mtu aliyepewa kazi aonyeshwe mapema. Kama kijana hajui kukamua, ajifunze wakati mama bado yupo karibu naye. Ajue ng'ombe hula mizigo mingapi na pumba huwekwa wapi.

Fungu la 3: Kazi za kuachwa. Si kila kazi ni lazima. Bustani ndogo inaweza kupumzika msimu mmoja. Safari ya sokoni inaweza kuachwa, au jirani akachukua ndizi zenu pamoja na zake. Nanyi mtamlipa kwa kumfanyia hivyo zamu yake ikifika.

Tatu, bandikeni karatasi hiyo ukutani, mahali ambapo kila mtu ataiona.

NENO KWA AKINA BABA

Wazee wangu na kaka zangu, mimi ni kijana mbele yenu, na ninasema kwa heshima. Wengine huona aibu mwanamume kuonekana na ndoo. Mwenye punda amfunge madumu apandishe maji. Mwenye baiskeli aitumie. Asiye na kimojawapo achote kwa mikono yake. Ndoo ya maji haimpunguzii mtu uanaume. Mama akiharibika kizazi au akipoteza damu nyingi, nyumba nzima inasimama. Hapo fedha za ndizi na kahawa zinaishia hospitali.

WIKI SITA ZA MAPUMZIKO

Kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa. Mama atembee polepole ndani na uani, kwa sababu kulala bila kujinyoosha kunaweza kugandisha damu miguuni. Ale chakula cha kutosha: mtori, maharage, mboga za majani, mayai, maziwa. Anywe maji mengi. Ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelezwa. Yeye na mtoto walale ndani ya chandarua. Mtoto akilala mchana, naye alale.

Mama na mtoto wahudhurie kliniki hata kama wanajisikia vizuri. Wapimwe ndani ya saa 48 za kwanza, kisha siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42.

KURUDI KAZINI KIDOGO KIDOGO

Wengi huvumilia mapumziko, kisha huharibu wakati wa kurudi. Siku ya mwisho ikipita, kazi zote humrudia mama kwa siku moja. Hilo si jema. Kazi zirudi moja moja. Mpango unaweza kuwa hivi:

Wiki ya 1: Kunyonyesha, kula, kulala na kutembea kidogo.

Wiki ya 2 na ya 3: Kazi za kukaa, kama kuchambua maharage au kukunja nguo.

Wiki ya 4 hadi ya 6: Kupika chakula chepesi na kufagia ndani. Asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake.

Siku ya 42: Kliniki. Amweleze mhudumu kazi anazotaka kuzirudia.

Wiki ya 7, akiwa mzima: Shambani saa moja tu kwa siku. Dumu dogo la lita 5.

Wiki ya 8 na ya 9: Nusu siku, naye arudi kumnyonyesha mtoto. Maji lita 10.

Mwezi wa 3: Kazi za kawaida, na bado apate muda wa kupumzika mchana.

Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa aende polepole zaidi, na afuate maelezo ya hospitali yake.

Damu iliyokuwa imepungua ikirudi nyekundu baada ya kazi, hiyo ni ishara kwamba kazi imezidi. Aache kazi, apumzike, na aende zahanati kupimwa.

DALILI ZA HATARI

Dalili hizi zikitokea, msingoje kukuche. Mpelekeni mama zahanati au hospitali mara moja:

1. Damu nyingi, inayolowesha kitambaa kizima kwa muda usiozidi saa moja.
2. Homa au kutetemeka kwa baridi.
3. Uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au maumivu makali ya tumbo.
4. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, au degedege.
5. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua vizuri.
6. Titi kuwa jekundu, la moto na lenye maumivu.
7. Huzuni isiyoisha, au mama kutomtaka mtoto.

KWA MAMA ALIYEAJIRIWA

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja hupewa siku 100. Anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya matazamio. Amjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, akiwa na cheti cha daktari. Asirudi kazini kabla ya wiki 6 kupita, isipokuwa daktari ameandika kwamba anaweza. Akirudi, apewe nafasi ya kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Baba mwajiriwa naye hupewa angalau siku 3. Sheria ina masharti yake, kwa hiyo ulizeni mapema katika chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Lakini mama huyo asiseme, "Mimi nina likizo," kisha ashinde na jembe nyumbani. Siku 84 ni za mwili wake na mtoto wake.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mfuko wa uzazi huchukua wiki ngapi kurudi katika hali yake?
2. Kwa nini kila kazi iandikiwe jina la mtu mmoja?
3. Taja kazi tatu ambazo nyumba yako inaweza kuzifanya mapema.
4. Taja dalili nne za hatari.
5. Je, katika mtaa wako yupo mama atakayejifungua kabla ya mavuno? Majirani mtamsaidia kazi gani, na nani ataifanya?

Swali la 5 msilijibu kwa mdomo tu. Liandikeni, kila kazi na jina lake, kisha mpelekeeni mama huyo karatasi.

Tabibu Msaidizi wa Zahanati, Arumeru