Miezi tisa Hamburg, hakuna aliyegonga mlango wangu

SWALI



Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, mzaliwa wa Lushoto. Nilifanya kazi hospitalini Tanga kwa miaka sita kabla ya kuja Hamburg, Ujerumani, mwezi Mei mwaka jana. Kazi ninayo, chumba ninacho, mshahara unaingia kwa wakati. Lakini Shangazi, nimekauka.

Kazini tunashirikiana vizuri, ila zamu ikiisha kila mtu anachukua baiskeli yake anaondoka. Wenzangu wote nimewaambia karibuni nyumbani siku yoyote, nikanunua hadi sahani za ziada. Hajaja hata mmoja. Novemba siku yangu ya kuzaliwa ilipita bila mtu kusema neno. Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi wodini. Mwezi uliopita nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba Jumapili asubuhi kuna mtu anagonga sakafu. Nilikuwa natwanga vitunguu saumu na tangawizi kwenye kinu. Tangu siku hiyo nanyata ndani ya chumba ninachokilipia.

Kuna kikundi cha Watanzania. Nilikwenda mara mbili tatu, nikakuta michango haiishi na maneno ni mengi, nikajitoa. Nyumbani nilikuwa naimba kwaya usharikani, jioni zangu zilijaa watu. Huku nikitoka kazini nalala, nikiamka nashika simu, naongea na dada yangu mpaka chaji inakwisha. Mama namwambia niko salama. Usingizi sipati sawasawa na chakula sikitamani. Je, hawa watu hawanitaki? Nivunje mkataba nirudi?

Mpweke, Hamburg

JIBU

Binti yangu, kabla ya mengine yote nataka uende kwa daktari. Wewe ni muuguzi. Mgonjwa akikuambia halali, hali, na analia chooni kazini, ungemwambia avumilie? Kule mtu mwenye bima huanzia kwa daktari wa karibu na kwake, wanayemwita Hausarzt. Piga simu uchukue miadi, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Sehemu ya uchovu wako huenda ni majira. Hamburg mwezi Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama. Mtu wa zamu ya asubuhi anaingia wodini gizani, na akitoka anakuta mwanga umebaki kidogo tu. Aliyekulia Lushoto hajawahi kuishi hivyo. Siku usiyo na zamu toka nje saa sita mchana hata kama kuna mawingu, tembea nusu saa kando ya ziwa la Alster. Mwezi Juni jua litazama karibu saa nne usiku, na utauona mji mwingine kabisa.

Sasa swali lako. Nimeipitia barua yako mstari kwa mstari nikimtafuta mtu aliyekukataa, sijamwona. Sisemi Ujerumani hakuna ubaguzi. Upo, na Waafrika waliokaa kule hawahitaji kuelezwa. Siku utakapokutana na ubaguzi huo, kazini au kwenye basi, usiumeze: andika tarehe na maneno yaliyosemwa, na kama ni kazini umfikishie msimamizi wako. Ila haya uliyonitajia ni mambo ya namna nyingine.

Uliwaambia waje siku yoyote. Kwetu huo ni mwaliko kamili, jirani anaingia hata kama wali umepikwa wa watu wawili. Mjerumani akiambiwa siku yoyote anasikia maneno ya adabu, anashukuru, anakwenda zake. Kwake mwaliko una siku na saa, na kuja bila hivyo ni kukuvamia. Kwa hiyo mchague mtu mmoja, si wodi nzima, yule mnayecheka naye mkitandika vitanda. Mwambie: Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, njoo tunywe chai. Saa tisa hadi saa kumi ndiyo saa yao ya kahawa na keki mwisho wa juma, hutakuwa umemwomba jambo geni. Usijitese na pilau la watu ishirini. Chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi ya moto vinatosha. Akifungua kalenda akasema Jumamosi hiyo hana nafasi, anayo ya mwezi ujao, usinune. Ameshakuandika, na siku hiyo atafika saa tisa kamili.

Siku ya kuzaliwa imeniuma, kwa sababu ulilia bure. Kule mwenye siku ndiye anayeleta keki. Anaiweka kwenye chumba cha mapumziko, ndipo watu wanakuja kumpa mkono. Tena kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe kufika wanaona ni mkosi. Wenzako wengi hawakujua tarehe yako, maana mambo binafsi ya mtu hayatangazwi kazini, na aliyeijua labda alikuwa anaisubiri keki yako. Usingoje Novemba. Siku vyeti vyako vya uuguzi vitakapokubaliwa, oka keki uipeleke wodini asubuhi.

Halafu ile karatasi. Jumapili ya Ujerumani imelindwa na Katiba, kwa kifungu cha Katiba ya mwaka 1919 kilichochukuliwa kama kilivyo na kuingizwa katika Katiba ya 1949. Karibu maduka yote yanafungwa, mtu hatoboi ukuta, hakati majani kwa mashine. Katikati ya utulivu huo jirani wa chini akasikia dari lake linadunda, asijue ni nini. Kuandika karatasi ni njia yao ya kuepusha ugomvi wa ana kwa ana. Aliyekasirika kweli angempigia mwenye jengo. Twanga Jumamosi, na chini ya kinu weka taulo lililokunjwa. Kisha jioni moja shuka ukabonyeze kengele yake, ujitambulishe kwa jina, umwombe radhi, umwonyeshe kinu chenyewe. Naam, kibebe, na mchi wake. Mwache anuse tangawizi. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye umekwisha kuona kinu chake.

Na ukiwa pale mlangoni mwambie jambo la pili: kwamba unafanya kazi kwa zamu, mara nyingi uko nyumbani mchana, kwa hiyo kifurushi chake cha posta kikija hayupo unaweza kumpokelea. Kule majirani wanapokeleana mizigo, na mleta mizigo anaacha kikaratasi cha kusema ameiacha kwa nani. Wanaotoka asubuhi na kurudi jioni wanamtafuta sana jirani wa namna hiyo. Wiki chache tu, utaona watu wa ghorofa ya pili na ya nne wanagonga kwako kuchukua vitu vyao. Watakuwa wanasimama dakika mbili tatu, watauliza umetoka wapi. Urafiki wa majengo yale huanzia kwenye dakika hizo.

Kuna jambo hukuliandika, nami naliona kati ya mistari. Muuguzi aliyetoka nje, hadi vyeti vyake vikubaliwe na Kijerumani chake kifike ngazi ya B2, mara nyingi anafanya kazi kama msaidizi. Ulikuwa na miaka sita kazini, huenda ulikuwa ukisimamia zamu, leo unaelekezwa namna ya kupima presha. Tena kule kumwogesha mgonjwa, kumlisha na kumgeuza kitandani ni kazi ya muuguzi, wakati kwetu nyingi ya hizo hufanywa na ndugu wa mgonjwa. Wauguzi wengi wa kigeni wanaona wameshushwa, wanakaa na uchungu huo peke yao, na wenzao wanadhani ni watu wa kimya tu. Usinyamaze. Mwambie yule wa kutandika vitanda kwamba unajiandaa na mtihani wa Kijerumani, umwombe robo saa baada ya zamu akusikilize ukitoa taarifa ya mgonjwa kwa Kijerumani. Tumezoea kudhani kuomba msaada ni kusumbua watu. Wajerumani wengi niliowajua wanamheshimu mtu anayeomba jambo linaloeleweka, lenye mwanzo na mwisho.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hamburg hakuna atakayekupa jembe, itabidi uliombe. Urafiki mkubwa wa kule sijauona ukianzia kwenye mazungumzo ya njiani. Unatokana na watu walewale, mahali palepale, siku ileile ya juma, mikono ikiwa na kazi ya kufanya. Ndiyo maana nchi nzima imejaa vyama: vya mpira, vya bustani, vya kupanda milima, vya nyimbo. Watu saba wanatosha kusajili chama. Wewe una bahati, maana jembe lako unalijua tayari. Kwaya nyingi za makanisa na za mitaa zinafanya mazoezi jioni moja kila wiki, na kwaya ndiyo pahala pa mtu ambaye lugha bado inamsumbua. Huhitaji kutunga sentensi, umeandikiwa. Unakaa katikati ya sauti yako, aliye kulia kwako anakuonyesha mmefika ukurasa gani, na maneno yaleyale unayarudia hadi ulimi unayazoea. Mwezi wa kwanza watakusalimia tu, "Moin", hiyo salamu yao ya saa zote. Mwezi wa pili watakuuliza jina lako linatamkwaje. Ukikosa wiki mbili mfululizo kuna mtu atakuuliza ulikuwa wapi. Mweleze anayepanga zamu, mapema na kwa maandishi, kwamba unaomba jioni hiyo moja iwe yako. Usiipime kwaya kabla ya miezi sita.

Anzia usharikani. Makanisa ya Kilutheri ya kaskazini mwa Ujerumani yana udugu wa miaka mingi na dayosisi za KKKT, na wako watu pale waliowahi kulala kwenye nyumba za sharika zetu na kula makande yetu. Tena Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo kuna walimu, wanafunzi na wanakwaya waliokwenda na kurudi ambao wangefurahi kukutana na wewe. Chuo Kikuu cha Hamburg kinafundisha Kiswahili. Fikiria wanafunzi wale wanavyohangaika na ngeli bila mtu wa kuongea naye! Nenda, uliza mwalimu wao kama unaweza kubandika tangazo: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani, mara moja kwa wiki. Siku hiyo utakuwa mwalimu, binti yangu, na naamini unahitaji kuwa mtu anayejua jambo angalau mara moja kwa juma.

Watanzania wenzako usiwatupe. Umesema michango haiishi, nakuelewa. Panga kiasi unachoweza kwa mwezi, kitaje waziwazi, na kikiisha kimeisha. Maneno yakianza, inuka ukaoshe vyombo. Lakini mtu akifiwa yuko ugenini, au akilazwa usiku, wanaokuja na sufuria ni hao hao. Na katika kundi lolote la watu thelathini huwa kuna mama mmoja mtulivu anayeondoka mapema. Mtafute huyo, umwombe namba.

Simu ya dada yako usiikate, ipunguze. Saa nzima jioni ni nyingi. Ukiongea na Lushoto mpaka chaji iishe, hata jirani akigonga utamwona anakukatisha. Mama yako naye umweleze ukweli. Si lazima umwambie ulilia chooni. Mwambie umepata kazi, mshahara ni mzuri, na watu bado hujawapata. Ni mtu mzima, amelea, ameolewa ugenini kama wengi wa rika lake, na ninadhani ana la kukuambia kuhusu mwaka wa kwanza kwenye nyumba isiyo yako. Umemnyima nafasi hiyo miezi tisa.

Mkataba usiuvunje sasa, Februari hii. Kwanza ibebe nakala yake uipeleke kwa watu wanaoelewa: chama cha wafanyakazi ver.di kama umejiunga, au ofisi za ushauri za Faire Integration, ambazo huduma yao kwa wafanyakazi wa kigeni ni bure. Waulize mambo mawili: kama kuna gharama utakazodaiwa ukiondoka mapema, na kibali chako cha kuishi kinabanwa vipi na mwajiri huyu. Majibu hayo uwe nayo hata kama hutaondoka, maana mtu anayejua mlango uko wapi anakaa ndani kwa utulivu zaidi. Kisha jipe hadi Septemba. Ikiwa kwaya umeingia, chai umeialika, daktari umemwona, na bado moyo unataka Lushoto, rudi, wala usiruhusu mtu akuite aliyeshindwa. Hospitali zetu zina upungufu wa wauguzi. Ila mtihani wako ufanye kwanza, urudi na cheti chake mkononi.