SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: UPEPO NA JOTO JUU YA UWANJA WA KUANIKIA MAZAO

Mara nyingi chama hupokea mazao ambayo kwa macho yaonekana makavu, kumbe ndani yake mngali na unyevu. Mazao hayo yakitiwa maguniani na kupangwa ghalani, huota ukungu. Mwanachama hupoteza bei, na chama hupoteza jina jema. Hasara nyingine ni kubwa kuliko hizo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwamo katika chakula, na 20 miongoni mwao walifariki dunia.

Somo hili lakusudia kueleza jinsi upepo na joto vinavyobadilika kadiri mtu anavyopanda kutoka ardhini, na jinsi maarifa hayo yanavyoweza kumsaidia mkulima wa Gulwe na vijiji jirani vya wilaya ya Mpwapwa katika kukausha karanga, mahindi na mtama.

1. Mwendo wa upepo

Mama anayepepeta mtama huinua ungo hadi juu ya kichwa. Afanya hivyo kwa sababu ajua kwamba upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini. Wataalamu nao wamelithibitisha jambo hilo kwa vipimo. Mwaka 1904 Mjerumani Ludwig Prandtl alieleza kwamba hewa inayogusana na kitu kigumu hushikwa nacho na kusimama, na kwamba mwendo huongezeka polepole kadiri hewa inavyokuwa mbali na kitu hicho. Sehemu hiyo ya hewa yaweza kuitwa tabaka la mpakani.

Hewa ya tabaka hilo haiendi kwa utulivu. Hujikunja na kuzunguka katika vizingia vidogo na vikubwa, mfano wa maji ya korongo yapitayo juu ya mawe. Vizingia hivyo hushusha chini hewa yenye mwendo, na kupandisha juu hewa iliyopunguzwa mwendo na ardhi. Ingawa upepo huvuma kwa mikupuo, wastani wake hufuata kanuni, ambayo Theodore von Kármán aliieleza mwaka 1930: kila kimo kinapoongezwa maradufu, mwendo huongezeka kwa kiasi kile kile.

Na tuchukue mfano wa uwanda wenye majani mafupi, wakati upepo una mwendo wa mita 5 kwa sekunde katika kimo cha mita 10, ambacho ndicho kimo cha kawaida cha kupimia upepo katika vituo vya hali ya hewa. Kwa hesabu ya kanuni hiyo, mwendo wake utakuwa takriban kama ifuatavyo:

Kimo cha mita 2: mita 3.6 kwa sekunde
Kimo cha mita 1: mita 3.0
Kimo cha nusu mita: mita 2.4
Kimo cha sentimita 10: mita 1.0

Yaani, zao lililo juu ya kichanja cha mita 1 hupata upepo mara tatu ya ule upitao sentimita 10 juu ya ardhi. Penye vichaka au majani marefu, upepo wa chini hupungua zaidi. Nyuma ya nyumba au ua, upepo hupungua hata kwa umbali wa mara kumi ya kimo cha kizuizi. Hivyo nyumba ya mita 3 yaweza kukinga upepo kwa mita 30.

2. Joto mchana na usiku

Joto nalo hubadilika kwa kimo, na badiliko kubwa hutokea katika sentimita chache za kwanza. Adhuhuri ya kiangazi, udongo mtupu waweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, ilhali hewa iliyo kwenye kimo cha mtu ni nyuzi 30 hivi. Atembeaye pekupeku hahitaji kufundishwa jambo hili. Hewa iliyopashwa moto chini hupanda, na penginepo huinuka kwa kuzunguka na kubeba vumbi.

Usiku hali hugeuka. Kukiwa hakuna mawingu, ardhi hupoteza joto upesi na kuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hutulia pale pale chini, na vizingia hufifia. Ndipo unyevu unapoweza kugeuka umande juu ya chochote kilichoachwa ardhini.

3. Yampasayo mkulima

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mchana chini ndiko kwenye joto zaidi, kwa nini mazao yasianikwe chini? Jibu ni kwamba joto hutoa unyevu katika punje, lakini upepo ndio uuchukuao. Pasipo upepo wa kutosha, hewa inayozunguka zao hujaa mvuke. Aidha, udongo una unyevu wake, na ndiyo makao ya kuvu waletao sumu. Usiku zao hilo hulowa tena. Tena joto kali mno huharibu ubora wa karanga.

Kwa hiyo yafaa:

(a) Kujenga kichanja cha mita 1 hivi, chenye nafasi za kupitisha hewa chini, mbali na kuta na vichaka.
(b) Kutandaza mazao kwa tabaka jembamba na kuyageuza.
(c) Kuyafunika kabla ya jua kutua, na kuyafunua umande ukishakauka.
(d) Asiye na kichanja atumie turubai safi, wala asianike juu ya udongo mtupu.

4. Yampasayo katibu

Mahindi ya kuwekwa ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi, na karanga zilizobanguliwa asilimia 7. Kipima unyevu ndicho cha kutegemewa. Kisipokuwapo, punje za mahindi na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu ya kioo na kutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15 hivi, na mzigo urudishwe ukaanikwe. Isipogandamana, hiyo si hakikisho kwamba asilimia 13 imefikiwa. Ikumbukwe pia kwamba kukausha huzuia kuvu kuendelea kukua, lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Je, uwanja wa kuanikia wa chama uko umbali gani kutoka jengo lililo upande utokako upepo?
2. Ikiwa upepo ni mita 2.4 katika kimo cha nusu mita, na mita 3.0 katika kimo cha mita 1, utakuwa kiasi gani katika kimo cha mita 4?
3. Ni nani atakayeangalia kwamba mazao yote ya wanachama yamepimwa kabla ya kupokelewa?