Somo la Mazingira: Kuisoma Njia ya Mchanga Katika Vichaka vya Itigi

Abiria wa Reli ya Kati wanaosafiri kati ya Manyoni na Itigi huuona uoto huu dirishani: ukuta wa miti midogo iliyosongamana, usioacha mwanya wa kupitisha jicho. Wakati wa mvua ukuta huo huwa wa kijani. Kiangazi hubaki fito za kijivu zisizo na jani. Kwa kuwa hautoi mbao ndefu wala malisho mengi, mara nyingi huitwa pori tu, na ardhi yake huhesabiwa kuwa inasubiri jembe. Somo hili linamwalika mkazi wa kata kulipima neno hilo "tu" kwa miguu yake mwenyewe.

Lengo la somo

Baada ya kuikamilisha njia, msomaji aweze kueleza mambo matatu: kwa nini vichaka hivi ni vifupi, kwa nini moto hauingii humo kwa urahisi, na kwa nini kukata shina na kung'oa kisiki ni matendo mawili yenye matokeo tofauti.

Uoto wenyewe

Vichaka vya Itigi huwa na kimo cha mita 3 hadi 5. Mashina hutoka ardhini kwa mafungu, matawi husukana juu, na karibu mimea yote hupukutisha majani kiangazi. Wataalamu huviweka katika kundi moja na vichaka vya Sumbu, kaskazini mwa Zambia, kati ya ziwa Mweru Wantipa na ziwa Tanganyika. Hayo ndiyo maeneo makuu mawili ya uoto wa namna hii duniani. Kwa hiyo Mkoa wa Singida umebeba sehemu kubwa ya kitu ambacho dunia haina kingi.

Miongoni mwa waliouchunguza uoto huu mapema ni B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika idara ya utafiti wa mbung'o enzi za Tanganyika na kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Jina lake limehifadhiwa katika mmea mmoja wa vichaka hivi, Burttia prunoides.

Siri kubwa imo udongoni. Juu kuna mchanga. Chini yake kuna tabaka gumu. Mvua zinyeshapo udongo hulowa na kulainika, na kiangazi hukauka na kukaza kama saruji. Mti mkubwa unaohitaji kuteremsha mizizi mbali hauna nafasi hapo. Mimea iliyozoea hali hiyo huishi kwa kubaki mifupi, kwa kuchipua mashina mengi na kwa kuacha majani yaanguke maji yanapokwisha. Ufupi wake si dalili ya udhaifu. Ndiyo njia yake ya kudumu.

Maandalizi ya matembezi

Njia inayofaa kwa somo ni ya mzunguko, inayoanzia na kuishia mahali pamoja, yenye urefu wa kilomita 3 hivi. Njia za miguu zilizokwisha kufunguliwa na wafuga nyuki na waokota kuni zinatosha. Hakuna haja ya kufyeka mpya. Ndani ya kichaka upande wowote hufanana na mwingine, wala hakuna mlima unaoonekana wa kumwongoza mtu. Anayeiacha njia kwa hatua chache tu anaweza kupotea.

Kabla ya kuondoka, kikundi kitoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kiongozwe na mkazi anayeyafahamu maeneo hayo. Kama njia imo ndani ya hifadhi, kibali kipatikane kwanza kwa mamlaka inayoisimamia. Muda mzuri ni kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3, kabla mchanga haujapata moto. Mchanga hupunguza mwendo, hivyo kila mtu abebe maji ya kutosha, avae viatu vilivyofunika mguu na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o, kupe na upupu. Tembo nao hutumia vichaka hivi, hasa upande wa mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kinyesi kibichi au tawi lililovunjwa muda huo ni amri ya kurudi nyuma kimyakimya.

Kituo cha kwanza: mchanga wenyewe

Mchanga wa asubuhi ni daftari la usiku uliopita. Kwato ndogo zilizochongoka ni za digidigi. Karibu nazo huenda likaonekana fungu la mavi madogo, kwa kuwa mnyama huyu hurudia mahali pamoja ili kuweka mpaka wa makazi yake. Mwiba mrefu wenye mistari myeupe na myeusi umeachwa na nungunungu. Vishimo vidogo vyenye umbo la kikombe ni mitego ya mdudu anayejificha chini akingoja sisimizi ateleze. Kazi ya kituo hiki ni kuhesabu aina za alama katika hatua 20. Mahali palipoitwa patupu huwa na wakazi wengi kuliko inavyodhaniwa.

Kituo cha pili: chini ya dari la matawi

Hapa kikundi kisimame na kutazama chini ya vichaka badala ya juu. Kuna majani makavu, vijiti na kivuli, lakini nyasi ni chache mno. Moto wa nyika hubebwa na nyasi kavu. Unapoufikia ukingo wa kichaka kilichosongamana hukosa chakula na mara nyingi hufa hapo. Kwa hiyo kichaka kizima hujilinda chenyewe.

Kisha lichunguzwe shina lililowahi kukatwa kwa panga. Pembeni mwa kovu hutoka machipukizi kadhaa yanayoelekea kuwa fito. Mzizi haukuguswa, na mmea umeanza upya kutoka akiba yake ya chini.

Kituo cha tatu: ukingo uliofyekwa

Mzunguko mzuri ni ule unaopita mahali palipowahi kufyekwa, kwani hapo ndipo somo hukamilika. Ambapo visiki vimeng'olewa kwa ajili ya shamba au kuchimbuliwa kwa ajili ya mkaa, hakuna cha kuchipua. Jua hufika chini, nyasi huingia, na nyasi zikishakauka moto hupata daraja la kupitia. Kila moto huunguza miche michanga na kuzidisha nafasi ya nyasi. Kipande kilichopotea kwa msimu mmoja wa majembe kinaweza kukosa kurudi katika umri wa aliyekifyeka.

Hasara hiyo ina bei nyumbani. Vichaka hivi ni malisho ya nyuki, na asali ya Manyoni na Itigi hutegemea maua yake. Shamba jipya huweza kutoa mavuno kwa misimu michache kabla mchanga haujachoka, ilhali mzinga uliotundikwa penye maua huvunwa mwaka baada ya mwaka bila kung'oa kitu. Mkulima anayehitaji chakula cha watoto hawezi kuambiwa asilime. Linalowezekana ni kijiji kuamua kwa pamoja wapi palimwe na wapi pabaki.

Uamuzi huo una njia zake za kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 hukiwezesha kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji na kuusimamia chenyewe. Kwa hiyo mkazi anayetaka kichaka fulani kibaki kwa ajili ya mizinga na alipeleke jambo hilo mkutanoni kabla ardhi haijagawiwa, akiomba ushauri wa maafisa wa misitu na ufugaji nyuki.

Maswali ya kujadili baada ya matembezi

1. Ni alama ngapi za wanyama zilizoonekana mchangani, na ni zipi ambazo vijana wa kikundi hawakuzitambua?
2. Katika kijiji chenu, ni eneo gani la vichaka lililokatwa likachipua, na ni lipi lililong'olewa likageuka nyasi? Tofauti ilianzia wapi?
3. Iwapo mkutano mkuu ujao utajadili ugawaji wa ardhi, ni kipande gani kinachofaa kutengwa kwa mizinga, na nani atakilinda?

Zoezi la nyumbani

Njia hiyohiyo ipitwe mara mbili: mara moja mwezi wa 9, vichaka vikiwa fito tupu, na mara ya pili mwezi wa 1, majani yakiwa yamejaa. Vituo viwe vilevile vitatu. Yaliyoonekana mara zote mbili yaandikwe katika daftari moja na kusomwa katika mkutano wa kitongoji.