Ukuta wa Mrima na Mtoto Aliye Tumboni

Kilima cha Mrima kiko Kwale, magharibi mwa Msambweni, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania. Kwa Wadigo ni kaya, msitu wa wazee. Kwa wanajiolojia ni mwamba wenye niobiamu, madini adimu na thoriamu. Vipimo vya watafiti vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba mnururisho hapo ni mara kadhaa ya wastani wa dunia. Nyumba za kukandika hujengwa kwa udongo uliopo, na mama mjamzito anayelala kando ya ukuta wa udongo huo ana haki ya kuuliza unamfanya nini mtoto wake.

Tuanze na ukuta wenyewe. Kila kitu kimeundwa kwa atomu, chembe ndogo mno zisizoonekana. Atomu nyingi zimetulia. Ya thoriamu haikutulia: kiini chake huvunjika na kurusha nishati, na nishati hiyo inayoruka ndiyo mnururisho. Uvunjikaji huo ni wa polepole sana, kiasi kwamba miaka bilioni 14 ikipita, nusu ya thoriamu ya leo ingali ipo. Miongoni mwa vizalia vyake imo gesi iitwayo thoroni. Hiyo haikawii, kila sekunde 55 hivi nusu yake hutoweka. Kwa sababu hiyo haifiki mbali. Huwa nyingi karibu kabisa na ukuta, na hupungua kadiri mtu anavyosogea katikati ya chumba. Kitanda kikivutwa kutoka ukutani, tayari pametokea tofauti.

Mnururisho ukipita mwilini hung'oa elektroni, yaani vijichembe vinavyozunguka kiini cha atomu. Ukifanya hivyo ndani ya seli, unaweza kukata DNA, uzi unaobeba maelekezo ya urithi. Seli hurekebisha sehemu kubwa ya majeraha hayo. Hatari iko pale inapogawanyika kabla haijamaliza kurekebisha, kwani kosa hunakiliwa. Msusi wa ukili akikosea mwanzoni, kosa humfuata urefu wote wa mkeka. Akikosea mwishoni, huharibika pindo tu. Mtoto tumboni yuko mwanzoni mwa ukili.

Kwa hiyo kiasi cha mnururisho peke yake hakitoshi kutupa jibu. Ni lazima tuulize pia ulifika lini. Katika wiki mbili za kwanza, kiasi kikubwa huweza kuitoa mimba. Isipotoka, kwa kawaida hukua salama. Kisha viungo huanza kuumbwa. Kuanzia wiki ya 8 hadi ya 15 seli za ubongo huongezeka kwa kasi na kuhamia mahali pake, na hapo ndipo ubongo huwa dhaifu kuliko wakati wote. Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Kati ya watoto wapatao 1,600 waliokuwa tumboni Hiroshima na Nagasaki mabomu yalipoanguka Agosti 1945, takriban 30 walipata ulemavu mzito wa akili, wengi wao wakiwa wamefikwa katika wiki hizo.

Kipimo tunachotumia ni milisivati. Kwa wastani, binadamu hupokea 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Madhara ya maumbile na ubongo hayajaonekana wazi kwa mtoto aliyepokea chini ya 100 tumboni. Saratani ni habari nyingine: mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Uingereza alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walipata saratani mara nyingi zaidi kuliko wenzao, ingawa bado walikuwa wachache.

Baada ya kuzaliwa hatari hupungua, lakini haiishi. Ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 ilitawanya iodini yenye mnururisho, ikaangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Iodini hukusanyika kwenye tezi ya shingo. Kijiko kimoja cha chumvi katika kikombe hakilingani na kijiko hichohicho katika sufuria; tezi ya mtoto mchanga ina gramu moja au mbili, ya mtu mzima karibu 20. Maelfu ya watoto walipata saratani ya tezi. Wengi walitibiwa wakapona.

Mrima haifanani na Chernobyl. Mnururisho wake huja kidogo kidogo, na seli hupata nafasi ya kujirekebisha. Mfano wa karibu zaidi ni pwani ya Kerala, India, ambako mchanga nao una thoriamu. Huko watoto wachanga zaidi ya laki moja walichunguzwa hospitalini, na haikuonekana kwamba mnururisho wa ardhi uliongeza kasoro za kuzaliwa. Hilo linatuliza moyo, ingawa si sababu ya kuziba madirisha. Hewa inayopita huiondoa gesi.

Mnururisho mwingi kwa mara moja mama wa Kwale hukutana nao hospitalini, si kilimani. Ndiyo sababu kabla ya eksirei huulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Eksirei ya kifua humfikishia mtoto kiasi kidogo mno, na kuikataa wakati kifua kikuu kinashukiwa ni kosa kubwa zaidi. Skani ya CT ya tumbo ndiyo ya kujadiliwa na daktari. Ile picha ya kliniki ya wajawazito, ambayo wengi huihofia bure, haina mnururisho wa aina hii hata kidogo. Hutumia mawimbi ya sauti, na jeli baridi inayopakwa tumboni ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwani sauti hiyo hushindwa kuvuka hewa na kuingia mwilini.