Kijana Akikosea: Ajute, Asifedheheshwe

Mtaalamu wa saikolojia ya vijana anajibu maswali ya wazazi na walimu.

Swali: Mwanangu wa kidato cha pili alivunja simu ya mdogo wake, sasa amenuna. Nitajuaje kama anajuta?

Jibu: Tazama anachofanya, si sura yake. Anayejuta humzungukia aliyemkosea: atamchotea maji bila kutumwa, ataulizia kioo cha simu kinauzwa shilingi ngapi, mwishowe ataomba radhi. Aliyejaa aibu hukwepa macho, hujifungia chumbani, na akiguswa tu hufoka. Wa kwanza anawaza, “Nimemuumiza mdogo wangu.” Wa pili anawaza, “Mimi sifai.”

Swali: Aibu inazaaje ukali?

Jibu: Kujiona hufai kunauma, na njia ya mkato ya kujikosha ni kumtupia mwingine lawama: “Yeye ndiye alinichokoza!” June Tangney, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, na wenzake walionyesha kwamba wepesi wa aibu huelekea kulaumu wengine na kulipiza kwa hasira, ilhali wanaojutia kitendo chenyewe huwa na huruma zaidi. Mwaka 2014 walichapisha matokeo kuhusu wafungwa watu wazima zaidi ya 400. Waliojuta hawakuelekea sana kurudia uhalifu. Aibu iliyoambatana na kulaumu wengine iliwasukuma kuurudia.

Swali: Basi nimwambie nini?

Jibu: Martin Hoffman, mwanasaikolojia wa Marekani, alisisitiza kumweleza mtoto jinsi kitendo chake kilivyomwathiri mwenzake, badala ya kutegemea fimbo na vitisho. Mwite pembeni: “Mdogo wako alikuwa akisomea kwa simu ile. Sasa tufanyeje?” Kisha nyamaza, umwache apendekeze mwenyewe. Akisema atachangia matengenezo kutoka pesa zake za matumizi, mkubalie, hata kama ni kidogo.

Swali: Shuleni kwetu mkorofi husimamishwa mstarini mbele ya wenzake. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Katika umri huu macho ya wenzake yana uzito kuliko ya mwalimu. Aliyeanikwa mstarini haondoki akimfikiria aliyekosewa. Anaondoka akiwahesabu waliocheka, na wakati wa mapumziko atamtafuta mmoja wao. Adhabu iwepo, lakini ilingane na kosa na imfidie aliyekosewa.

Swali: Je, majuto yanaweza kuzidi?

Jibu: Ndiyo. Wapo vijana wanaojilaumu kwa ugomvi wa wazazi au ugonjwa wa ndugu, wakahangaika kumridhisha kila mtu. Mwambie waziwazi kwamba kosa si lake. Akikosa usingizi, akiacha kula au akizungumzia kufa, mpeleke hospitali au kwa mshauri nasaha bila kuchelewa. Na kwa kosa lililo lake kweli, akishaomba radhi na kulipa, yaishe. Mzazi, usilifukue kila mnapokwaruzana.