Magazini Nje, Risasi Ndani
Kijitabu kwa wamiliki wa silaha na wanaoishi nao nyumba moja

Malalamiko yametufikia, tena si machache. Wenye vibali vya silaha wanasema kaunta yetu inawadhalilisha: mtu mzima, kibali anacho, ada kalipa, halafu askari wa umri wa mwanawe anamwamuru afungue bastola mbele ya watu, achungulie, aingize kidole, achungulie tena. Wengine wanasema tunawapotezea muda. Kijitabu hiki ndiyo majibu yetu. Utaratibu hauondoki. Kuanzia sasa hatupokei silaha iliyofungwa, iwe imeletwa kuhakikiwa, kuhuishiwa kibali au kusalimishwa, na cheo cha aliyeileta hakibadilishi kitu.

Sababu tunayo. Mzee mmoja, mstaarabu kabisa, alileta bastola yake kwenye mfuko wa kaki. Akaiweka kaunta, mtutu ukimtazama karani wetu tumboni. Askari akauliza kama ina risasi.

"Afande, magazini hii hapa," akasema mzee, akagusa mfuko wa shati. Kweli ilikuwemo, imejaa.

"Samahani mzee wangu," askari akajibu, akaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, akavuta slaidi. Risasi moja ikaruka, ikadunda sakafuni, ikabingirika mpaka chini ya benchi la wageni, alipokaa mama mwenye mtoto mgongoni. Mzee akatafuta pa kushika. Alikuwa amepanda nayo daladala mbili kutoka kwake hadi kwetu.

Hakusema uongo. Alisema alichokiamini, na wanaoamini hivyo ni wengi kuliko tulivyodhani. Basi hata kama mengine yote ya kijitabu hiki yatakupotea, hili libaki: kutoa magazini si kutoa risasi.

Magazini ni ghala tu. Ukishakoki, risasi moja imetoka ghalani na kupanda chemba, nyuma ya mtutu, inangoja triga. Ukichomoa magazini umeondoka na wenzake, yenyewe imebaki. Ziko bastola zinazokataa kufyatuka magazini ikiwa nje, kama Browning Hi-Power ya mwaka 1935, na aliyejifunzia hiyo huona zote ndivyo zilivyo. Sivyo. Glock, kwa mfano, haina kizuizi hicho. Magazini inaweza kuwa mezani na bado ikafyatuka kama kawaida. Tena Glock hiyohiyo haifunguki kwa ajili ya kusafishwa mpaka triga ivutwe kwanza. Ndiyo maana yale maelezo ya "nilikuwa naisafisha" hatuyacheki. Mara nyingine ni kweli tupu.

Fanya hivi. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu: ndoo kubwa ya mchanga au udongo laini, si ukuta wa chumba cha watoto. Mlango, bati na ukuta wa udongo havizuii risasi. Kidole kikae nje ya kikingio cha triga, kimenyooka. Chomoa magazini. Baada ya hapo, si kabla, vuta slaidi mpaka mwisho na uizuie huko nyuma. Tazama chemba. Kisha ingiza kidole kidogo uipapase, maana umeme hukatika na macho hudanganyika.

Tunarudia, na tutarudia tena ukifika kaunta: magazini kwanza, slaidi baadaye. Anayeanza na slaidi magazini ikiwa ndani huona risasi ikiruka, moyo wake hutulia, huchomoa magazini na kuweka bastola chini. Hajui kwamba slaidi iliporudi mbele ilipandisha nyingine. Sasa ana silaha yenye risasi na uhakika kwamba haina. Huyo tunamwogopa kuliko mwenye bastola iliyokokiwa ambaye anajua imekokiwa.

Kwenye rivolva, fungua silinda, toa zote, uhesabu matundu kwa kidole. Shotigani ya kukoki kwa mkono haina magazini ya kuchomoa. Risasi zimepangwa ndani ya bomba chini ya mtutu, na kila ukikoki inapanda nyingine. Koki mpaka zote zitoke, kisha tazama chemba, kisha mdomo wa bomba.

Hapo kwenye shotigani tunasema na walinzi. Saa kumi na mbili asubuhi getini, anayetoka zamu ana usingizi na anayeingia amechelewa. "Iko sawa?" "Iko sawa." Silaha imeshabadili mikono. Iko sawa maana yake nini? Ina risasi au haina? Oktoba 21, 2021, huko New Mexico, Marekani, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa kwenye mazoezi ya filamu iitwayo Rust, na rivolva aliyoishika ilikuwa imetangazwa kwamba ni salama. Ilitoka risasi halisi, ikamuua Halyna Hutchins, mkuu wa upigaji picha wa filamu hiyo, na kumjeruhi mwongozaji. Mtunza silaha wa filamu alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miezi 18; kesi ya Baldwin ilifutwa mwaka huohuo. Ya mahakama tunaiachia mahakama. Linalotuhusu ni kwamba pale neno "salama" lilitamkwa na kuaminiwa. Usipokee neno. Fungua mwenyewe, mbele ya aliyekukabidhi, na yeye akifanya hivyo mbele yako usione amekutilia shaka.

Nyumbani, maficho mnayoyapenda tunayajua: chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya begi la safari. Mtoto wako naye anayajua. Msijidanganye kwamba mkono wake hauna nguvu ya kuvuta triga. Mtoto mdogo haishiki bastola kama mtu mzima. Huigeuza, mtutu ukamwelekea yeye, kisha husukuma triga kwa vidole gumba viwili. Silaha ifungiwe kwenye kasha la chuma lenye kufuli, ikiwa tupu, na risasi zikae kwingine, kwa kufuli nyingine. Ufunguo usitundikwe msumarini karibu na kalenda. Na unayekunywa bia bastola ikiwa kiunoni, kibali chako kimekosea mtu.

Gobore lina mambo yake. Halina magazini, hivyo wenyewe hudhani kijitabu hiki hakiwahusu. Kinawahusu sana. Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, tambara, gololi au vipande vya chuma, mdeki juu yake. Likishashindiliwa haliwezi kufunguliwa na kuchunguliwa, kwa hiyo hukaa limeegemezwa pembeni mwa jiko wiki nzima likingoja nguruwe wa shambani, na anayelikuta hana njia ya kujua kwa macho. Wanaotoa fataki wakasema limelala salama, tunawaambia baruti bado imo, na cheche ya jiko haiulizi fataki iko wapi. Zaidi ya hayo, gobore lisilosajiliwa ni silaha haramu. Lilete, au mpigie mtendaji wa kijiji akuelekeze namna ya kulileta.

Kufyatua hewani harusini, mwaka mpya au kutisha mwizi: acheni. Risasi iliyopanda lazima ishuke, na haishukii shambani kwako.

Kuhusu nani anastahili kibali: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeeleza. Umri, akili timamu, mwenendo, mafunzo, sababu ya kuihitaji. Maombi huanzia mtaani au kijijini unakoishi na kupanda ngazi. Mengine yamo kwenye fomu. Ila mjue kibali ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na shamba. Marehemu akiacha bastola, msiigawe kwenye kikao cha ukoo wala msijaribu kuifungua ili muone kama ina risasi. Fungieni chumba, mwiteni askari.

Ikishafyatuka na mtu ameumia, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote na usiachie ili kuchungulia. Piga 112. Majeruhi apelekwe hospitali. Matibabu ya dharura hayangoji fomu ya PF3, itafuata. Silaha isiokotwe wala kusafishwa na shemeji mwenye nia njema. Na risasi isipofyatuka baada ya kuvuta triga, usiigeuze kuichungulia: shikilia mtutu ulikoelekea, hesabu sekunde 30 taratibu, ndipo ufungue. Baruti mbovu huweza kuchelewa.

Tangu utaratibu huu uanze, hakuna silaha iliyofyatuka kwenye kaunta yetu, na hatuoni aibu kujisifu. Tundu mnaloliona darini, upande wa feni, ni la zamani.

Njooni na silaha slaidi ikiwa nyuma, silinda ikiwa nje, shotigani ya kuvunja ikiwa imevunjwa, risasi kwenye mfuko wake peke yake. Aliyesahau asianze kuifungua kwenye foleni. Amwambie askari wa mlangoni, bila kuitoa mfukoni, naye atampeleka nyuma kwenye pipa la mchanga.