Honi inayolia ndege ikitua

*Husafiri na ndege ndogo, Cessna Caravan, kutoka Dar hadi Unguja. Tukikaribia kutua, honi hulia mbele kwa rubani. Kuna hitilafu? — Msomaji, Malindi, Mji Mkongwe*

Usihofu, ndugu msomaji. Honi hiyo inafanya kazi yake. Ndege ikipunguza mwendo huku imeinua pua, hewa hufika mahali ikaacha kuushika mgongo wa bawa, na ndege huporomoka. Kabla ya kufika hapo, hewa husukuma juu kijiulimi kilichopo ukingo wa mbele wa bawa, na honi hulia. Magurudumu yakikaribia lami, hilo ni kawaida.

Wasiwasi wangu visiwani ni chumvi ya bahari, maana kijiulimi kikishika kutu hukwama. Ndiyo maana rubani hukiinua kwa kidole kabla ya kuruka, akisikiliza. Honi ikilia mfululizo mkiwa bado juu, mkishuka muulize rubani. Usiporidhika, iarifu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.